Barua ya wazi kwa vijana wa mitambo na vijana wa mawodini: namba zenu zinatofautiana kwa sababu gani?

Vijana wangu,

Nawasalimu wote, nyie mnaoshinda kwenye mitambo ya kemikali na nyie mnaoshinda na mafaili ya wagonjwa. Nawaandikia barua moja kwa pamoja makusudi kabisa, maana nimekaa na makundi yote mawili miaka mingi na naona kila kundi linadhani shida zake za takwimu ni za kwake peke yake, injinia anaona mambo ya madaktari hayamhusu, daktari naye anaona ya kiwandani ni ya mashine tu, kumbe mnasumbuliwa na kitu kilekile. Hamjui namba zenu zinatofautiana kwa sababu gani. Mnakimbilia programu, mnabonyeza, thamani ya p, yaani nafasi ya kupata tofauti kubwa namna hiyo kwa bahati tu kama hakuna athari yoyote ya kweli, inatoka chini ya 0.05, mnapongezana, na hakuna aliyejiuliza kabla: hivi kazi hii yote nikiirudia kuanzia mwanzo kabisa, ni kitu gani kitafanya namba itoke nyingine?

Nianze na kiwandani. Kijana ametengeneza bechi moja, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji, kwa njia mpya, amechota sampuli, amepeleka maabara ikapimwa mara sita. Majibu sita yamekaribiana vizuri, anaandika n, yaani idadi ya marudio ya kweli, ni 6. Hapana mwanangu, n yako ni 1. Bechi na bechi hazifanani, malighafi inatoka mzigo mwingine, joto leo limepanda haraka jana lilipanda polepole, zamu imebadilika, kichocheo, kile kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, kimechoka kidogo. Ulichorudia mara sita ni kupima, sio kutengeneza. Ni sawa na kumuuliza shahidi mmoja swali lilelile mara sita halafu unaenda kusema una mashahidi sita.

Tupige hesabu kabisa ili muone ukubwa wa jambo. Tuseme tofauti ya bechi kwa bechi ina mkengeuko, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, wa 2, na tofauti ya kipimo cha maabara ina mkengeuko wa 1. Mikengeuko haijumlishwi hivihivi, kwanza kila mmoja unauzidisha kwa wenyewe, kwahiyo tuna 4 ya bechi na 1 ya maabara. Ukipima bechi moja mara sita, ile 1 ya maabara inagawanywa kwa 6 lakini ile 4 ya bechi inabaki palepale haipungui hata chembe, jumla inakuja 4.17, kipeuo chake cha pili ni kama 2.04. Ukitengeneza bechi sita ukapima kila moja mara moja tu, vyote viwili vinagawanywa kwa 6, yaani 5 gawanya kwa 6, 0.83, kipeuo chake ni kama 0.91. Maabara imefanya kazi ileile, vipimo sita, lakini wastani wa pili ni wa kuaminika zaidi ya mara mbili. Na kuna baya kuliko hilo: yule wa bechi moja hata hiyo 2.04 haioni, kwasababu programu inajua alichoilisha tu, itamwambia kosa la wastani wake ni kama 0.41, kwahiyo anajiamini mara tano zaidi ya anavyostahili. Hapo hajadanganya mtu, ameandika kila kitu kwa uaminifu, lakini ripoti yake ni mbovu.

Najua bechi ni ghali na kipimo ni rahisi, na meneja wako atauliza kwanini. Mwonyeshe hesabu hiyo.

Sasa daktari usicheke, maana na wewe unafanya hivyohivyo. Umepima macho mawili ya kila mgonjwa, wagonjwa 30, umeandika 60. Umepima presha ya damu ya mtu mmoja mara tatu asubuhi ileile ukazihesabu kama watu watatu. Au mmepiga kura, yaani mmegawa kwa bahati nasibu nani apate tiba ipi, kwa kliniki badala ya mgonjwa mmoja mmoja, kliniki 20 zenye wagonjwa 20 kila moja, halafu kwenye uchambuzi mnasema tuna watu 400. Wagonjwa wa kliniki moja wanafanana, muuguzi wao ni mmoja, mazoea ya matibabu ni mamoja. Kufanana huko hata kukiwa kudogo tu, uwiano wa 0.05 kati ya wagonjwa wa kliniki moja, hesabu inakwenda hivi: 1 ongeza 19 mara 0.05, inakuja 1.95, gawanya 400 kwa hiyo unabaki na nguvu ya watu kama 205. Karibu nusu ya utafiti wako imeyeyuka, na kama hukupanga mapema huwezi tena kuirudisha.

Halafu sio kwamba nawalazimisha undugu. Njia mnazotumia zilishavuka huku na kule zamani sana. William Gosset alikuwa mkemia kwenye kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alikuwa na sampuli chache chache tu za kufanyia maamuzi, na mwaka 1908 akachapisha kwa jina la Student ile kazi iliyotupa jaribio la t, la kulinganisha wastani kwa sampuli chache, ambalo leo ripoti za madaktari zimejaa. Frank Wilcoxon naye mkemia, lile jaribio lake la kupanga data kwa nafasi ni la 1945. Youden alisomea uinjinia wa kemikali, na mwaka 1950 ndo akatoa ile fahirisi ya kupimia ubora wa kipimo cha ugonjwa mnayoitumia mpaka leo, usikivu (sehemu ya wagonjwa ambao kipimo kinawakamata) jumlisha umahususi (sehemu ya wazima ambao kipimo kinawaacha) toa 1. Na George Box, kijana wa kemia, aliwekwa kwenye utafiti wa gesi za sumu jeshini wakati wa vita, akaona majibu ya majaribio yanayumba yumba, akamwambia mkubwa wake kwamba hapa anahitajika mtu wa takwimu, mtu hakupatikana, kazi ikamwangukia yeye mwenyewe, akajifunza palepale. Baadae kwenye kampuni ya kemikali ya ICI yeye na Wilson mwaka 1951 wakatoa njia ya kutafuta hali bora ya mtambo kwa kuchora uso wa majibu, yaani ramani ya jinsi majibu yanavyopanda na kushuka ukibadilisha hali za mtambo. Hawa wote walianzia kwenye namba zinazoyumba na swali la kwanini zinayumba.

Nije kwenye mpangilio, maana hapa ndo nawaona mkianguka sana. Injinia anafanya majaribio yote ya joto la chini siku za mwanzo, ya joto la juu siku za mwisho, kwasababu kubadilisha joto ni usumbufu, sawa, ni usumbufu kweli, lakini kichocheo kinachakaa siku hadi siku, na mwisho wa siku hujui kama umepima joto au umepima uzee wa kichocheo. Piga kura ya mpangilio, bahati nasibu iamue jaribio lipi lianze na lipi lifuate. Kama kubadilisha joto mara kwa mara hakuwezekani kabisa kuna namna ya kupanga kwa matabaka na kuchambua ipasavyo, ila lazima iamuliwe kabla, sio baada.

Kwa madaktari kura ina kazi nyingine ya ziada, kumzuia daktari mwenyewe. Ule utafiti wa streptomaisini kwa kifua kikuu uliotoka Uingereza mwaka 1948, ambao takwimu zake alisimamia Austin Bradford Hill, majina ya nani anapata dawa na nani anapata kupumzika kitandani tu yalikuwa kwenye bahasha zilizofungwa, daktari hajui mgonjwa anayekuja anaangukia wapi. Angejua, huruma ingemfanya amsogeze huyu huku na yule kule, na huruma sio kosa ila inaharibu ulinganisho. Baada ya miezi sita walikufa 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 wasiopata. Watu 107 tu, lakini jibu lilisimama kwasababu ya zile bahasha.

Lingine ni tabia ya kubadilisha kitu kimoja kimoja. Mnafundishwa mashuleni kwamba ndo usayansi wenyewe, shikilia vyote badilisha kimoja. Angalieni: mtambo unatoa asilimia 60 ya bidhaa inayowezekana. Unapandisha joto, 66. Unarudisha joto chini, unaongeza kichocheo, 58. Unaandika kichocheo kingi hakifai, unafunga daftari. Vyote viwili kwa pamoja hujajaribu, na inawezekana huko ndo kulikuwa na 78, kwasababu joto na kichocheo vinasaidiana, na kimoja kimoja hakiwezi kukuonyesha hilo hata ukirudia mwaka mzima. Ukiwa na vitu vitatu, kila kimoja kwa viwango viwili, michanganyiko yote ni 8, na kila kitu unakilinganisha 4 kwa 4. Kwa njia ya kimoja kimoja kupata ulinganisho wa 4 kwa 4 unahitaji majaribio 16, na bado kusaidiana hukuoni. Unalipa mara mbili unapata pungufu, sasa hiyo ni akili gani?

Na madaktari msiseme hilo ni la viwandani. Ule utafiti mkubwa wa ISIS-2 uliotoka 1988, wagonjwa 17,187 waliodhaniwa wamepata shambulio la moyo, ulipangwa hivyohivyo: streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ndio au hapana, aspirini ndio au hapana, makundi manne. Ndani ya wiki tano vifo vya moyo na mishipa vilikuwa asilimia 13.2 kwa waliokosa vyote viwili na asilimia 8.0 kwa waliopata vyote viwili. Maswali mawili makubwa yamejibiwa kwa utafiti mmoja, na la tatu la je dawa hizi zikiwa pamoja inakuwaje likajibiwa humohumo.

Utafiti huohuo una somo ambalo nawaomba mlishike sana, la kukatakata data. Watafiti waliwagawa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa, makusudi, ili kuonyesha hatari. Ikaonekana kwa wenye nyota ya Mapacha na ya Mizani aspirini inadhuru kidogo, na kwa wengine wote inaokoa sana. Hakuna mwenye akili atamnyima mgonjwa aspirini kwasababu ya nyota yake. Lakini ukikata kwa umri, kwa uzito, kwa aina ya mtambo, kwa zamu ya usiku, ukapata kakundi kamoja kanakofanya kinyume, unakaamini haraka na kukaandikia maelezo marefu ya kisayansi. Majaribio 20 ya vitu visivyo na athari yoyote, kama hayategemeani, yana nafasi ya asilimia 64 ya kukupa angalau kimoja chini ya 0.05. Kakundi kama hako kaandike kama swali la utafiti unaofuata, usikaandike kama jibu.

Na mpime kile mnachokitaka kweli. Kulikuwa na dawa za kutuliza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, enkainaidi na flekainaidi, zilitolewa kwa watu waliopona shambulio la moyo kwasababu zinapunguza yale mapigo ya hovyo, na zilipunguza kweli, kwenye karatasi ya kipimo unaona kabisa moyo umetulia. Utafiti wa CAST ukapiga kura, ukahesabu vifo. Ripoti ya 1991: walikufa 63 kati ya 755 waliopewa dawa, na 26 kati ya 743 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kipimo kilipendeza, watu walikufa. Injinia anayeshangilia kwamba malighafi yote imebadilika bila kuangalia imebadilika kuwa nini, bidhaa au taka, ana ugonjwa huohuo, tofauti ni kwamba yeye hasara yake ni ya pesa.

Data zilizokosekana nazitaja kwa kifupi tu: mgonjwa aliyeacha dawa na bechi iliyoharibika katikati vyote vihesabiwe na sababu iandikwe, msivifute kimyakimya, maana mara nyingi vimekosekana kwasababu ya kitu kilekile mnachokichunguza.

Sasa ninachowaomba. Kabla ya jaribio lenu lijalo chukueni karatasi moja, chini kabisa andikeni namba mtakayopima, halafu pandeni juu mkiandika kila kinachoweza kuibadilisha: kifaa, mpimaji, sampuli ilichotwa wapi, siku, bechi au mgonjwa, mzigo wa malighafi au kliniki. Pembeni ya kila kimoja andikeni kitarudiwa mara ngapi, na kile kitakachopigiwa kura kichoreeni duara, maana n yenu inahesabiwa kwenye hilo duara. Pale mlipoandika mara moja, jueni hapo hamtajifunza chochote kuhusu utofauti wake. Injinia mpe daktari akusomee karatasi yako, daktari mpe injinia, nyie mtaonana mapungufu haraka kuliko mimi. Mkishindwana nileteeni, ila leteeni karatasi hiyo kabla hamjawasha mtambo na kabla mgonjwa wa kwanza hajasaini fomu.

Mzee wenu wa takwimu