Barua kwa mwanangu: makabati ya zamani, yabaki au yang'oke?

Mwanangu,

Marahaba, salamu zimefika, na picha za jiko nimeziona zote mpaka ile ambayo mkwe wangu kaichora mkasi mwekundu juu ya kabati, nimecheka peke yangu. Sasa naona mmoja anataka yang'olewe yote na mwingine anasema yabaki, halafu mnataka mama awe refa. Refa siwi, ila nitakwambia mimi naangaliaga nini, mengine mtaelewana wenyewe huko.

Kwanza picha zote ulizotuma ni milango tu. Rangi imechoka, kishikio kimelegea, kona imebanduka, sawa nimeona, lakini mlango ni nguo tu. Kabati lenyewe ni lile boksi la nyuma, bodi za pembeni, ya chini na ya mgongoni, ndo zinazobeba mzigo. Mlango unautoa kwa bisibisi dakika chache, unaweza ukatengeneza milango mipya yote na sura za droo ukaacha maboksi palepale na mgeni akaingia akadhani jiko zima ni jipya. Lakini boksi likishaoza hata uweke milango ya bei gani ni kazi bure, skrubu zitakosa pa kushika.

Kwa hiyo fanya hivi, toa kila kitu chini ya sinki, kila kitu, ingia na tochi. Bonyeza bodi ya chini kwa dole gumba hasa pale kwenye kona ya nyuma na pale bomba linapotoboa, halafu pitisha kidole ukingoni kama kuna mahali pamevimba. Ukishindwa kujua kwa kidole chukua ncha ya bisibisi usukume kidogo, ikizama bila shida basi hapo hamna bodi tena. Usisahau na ule ubao wa chini kabisa miguuni, maji ya kupiga deki yanakaaga hapo miaka yote na hakuna anayeangalia.

Halafu ujue ni bodi ya aina gani, usiangalie mbele maana mbele wanabandika utepe mzuri unadanganya, angalia ndani ya tundu la bawaba au ukingo wa nyuma ambao haukufunikwa. Ukiona vipande vipande vya mbao vimegandishwa na gundi hiyo ni chipbodi. Ukiona tabaka tabaka ni plaiwudi, na ukiona nyuzi za mti zinaenda moja kwa moja ni mbao yenyewe. Chipbodi ikinywa maji inavimba na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa, hiyo usihangaike kuitibu. Plaiwudi na mbao zinavumilia zaidi ingawa nazo zikikaa na unyevu muda mrefu zinaoza tu. Droo nayo inasema kweli, ivute itoke yote uangalie kona zake, kama bodi zimeshikana kwa meno yaliyopishana jua aliyetengeneza alikuwa fundi wa kweli, kama ni pini za stepla na gundi basi usitegemee maajabu.

Na boksi moja kuoza siyo sababu ya kung'oa yote! Watu wengi wanakosea hapo, la sinki limeoza basi wanafukuza jiko zima. Seremala anatengeneza boksi moja la kipimo chako anapachika. Makabati ya chini kwa kawaida yana kina kama sentimita 60 na kaunta inakaa karibu sentimita 90 kutoka sakafuni, ila kwa nyumba ya zamani usimwambie fundi "weka kipimo cha kawaida", pima juu, katikati na chini maana kuta za zamani hazijanyooka.

Skrubu kulegea pia siyo ugonjwa. Toa skrubu, paka gundi ya mbao kwenye njiti ujaze tundu, acha ikauke kabisa mpaka kesho, kata zilizozidi ndo urudishe skrubu. Ukinunua bawaba mpya pima kwanza kile kikombe kinachozama mlangoni, nyingi ni milimita 35 lakini za zamani kuna nyingine ndogo, ukinunua bila kupima utarudi dukani.

Ya juu ukutani hayo sitaki mjadala. Panda kwenye stuli, angalia pale kabati linapokutana na ukuta kwa juu, ukiona upenyo au limeanza kuinama mbele shusha vyombo leo leo, usisubiri hadi mmeamua. Na ukiona unga unga wa mbao umedondoka chini ya vitundu vidogo, au vinjia vya udongo vinapanda nyuma ya kabati, kuna wadudu. Wadudu na bomba linalovuja vinashughulikiwa kwanza, la sivyo utaweka mapya nayo yaliwe na kuoza vilevile.

Sasa nimpe na mkwe wangu haki yake, maana kuna jambo moja lingenifanya niseme ng'oa hata kama maboksi ni mazima. Mpangilio. Kama droo ikifunguka inagonga mlango wa oveni, kama ukishatoa sufuria jikoni hamna pa kuiweka mpaka uzunguke nayo na mtoto yuko miguuni, kama lile kabati la kona linameza vitu havionekani tena, hayo rangi haiyatibu. Muulize vizuri kinachomkera ni sura au ni kazi. Kama ni sura, yabaki. Kama ni kazi, mna sababu ya kweli, ila hata hapo jaribuni kwanza kugeuza mashelfu mawili ya chini kuwa droo za kuvuta, zinakaa kwenye maboksi hayohayo na mtu anaacha kupiga magoti kutafuta mfuniko.

Mkiamua kung'oa pigeni hesabu yote siyo ya makabati tu. Kaunta yenu ni ya jiwe na imelalia juu ya maboksi, kuinyanyua bila kupasuka ni bahati, hasa pale ilipokatwa sinki maana imebaki nyembamba. Halafu kuna fundi bomba, na vigae vya ukutani vinavyokatika. Wanaoambiwa bei ya makabati wakafurahi huwa hawajaulizia hayo. Na mapya siyo lazima yawe bora, mengi ya dukani ni chipbodi nyembamba na mgongo ni kibao cha milimita 3, gusa mgongo ukiwa hapohapo dukani, kama unapepea ondoka.

Mkibaki nayo mkataka kupaka rangi, shida haiko kwenye rangi, iko kwenye mafuta. Miaka yote ya kupika mafuta yamekaa pale hasa karibu na vishikio, mkipaka juu yake itabanduka kama ngozi. Osha kwa sabuni kali ya mafuta, suuza, kausha, piga msasa wa namba 120 halafu 220 ulio laini zaidi, paka praima (ile rangi ya msingi ya kushikilia), kisha rangi mara mbili nyembamba, siyo moja nzito. Milango itolewe na kila mmoja uandikwe namba nyuma, utanishukuru wakati wa kurudisha. Rangi ikikauka mkononi siyo kwamba imekomaa, inachukua wiki kadhaa, msiibamize.

Ila mwanangu hapo kwenye msasa ngoja kwanza. Hiyo nyumba ni ya zamani na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), Marekani wenyewe walipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978 na nchi nyingi zilikuja baadaye sana. Vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mjukuu wangu anatambaa na kila kitu anaweka mdomoni. Pimeni rangi kwanza, na ikikutwa nayo msasa mkavu usiguse, tupeni hiyo milango mtengeneze mipya.

Kwa nilichoona mimi naelemea upande wako, maboksi yabaki, la sinki libadilishwe, milango mipya. Lakini sijaona ndani, naweza nikabadili mawazo ukinipigia.

Na fundi yeyote mtakayempata, kung'oa kuwe mwisho. Asivunje kitu mpaka vipya vimekamilika na umeviona kwa macho yako viko hapo nyumbani, wengi wanang'oa siku ya kwanza ili usiweze kwenda kwa mwingine.

Mama yako