Ossietzky hakuwa mfungwa wa Hitler tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu washindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ilimtaja Carl von Ossietzky, mwanahabari Mjerumani aliyepinga vita, kwa sentensi moja: kwamba alikuwa mfungwa wa Hitler. Ni kweli, ila msomaji atadhani masaibu yake yalianza Wanazi waliposhika madaraka.

Sivyo. Mwaka 1929 jarida alilolihariri, Die Weltbühne, lilichapisha makala iliyofichua kuwa jeshi linajenga kikosi cha anga kwa siri, kinyume cha Mkataba wa Versailles, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza na kuikataza Ujerumani kuwa na kikosi cha anga. Habari ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, mwaka 1931, Ujerumani ikiwa bado jamhuri yenye bunge na katiba, mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 18 kwa kutoa siri za taifa. Angeweza kukimbilia nje. Akaenda gerezani kwa miguu yake. Wanazi walimkamata tena Februari 1933 wakamtesa kambini, na tuzo ya mwaka 1935 wakamzuia kwenda kuipokea Oslo. Kifua kikuu kilimuua Mei 1938. Na hukumu ile ya kwanza? Mwaka 1992 mahakama ya juu ya Ujerumani ilikataa kuifungua upya kesi hiyo. (Mimi binafsi hilo ndilo lililonishtua zaidi.)

Naomba mchapishe makala ya pili juu ya kesi yenyewe, na vyuo vya uandishi wa habari viisome darasani sambamba na sheria za siri za serikali.

Msomaji wenu,
Morogoro