Usiiwashe Kabla ya Kuifunga Kebo

Ndugu yangu,

Habari za huko, na pole kwa kazi. Picha ya kabati nimeiona: swichi nne za mtandao, Cisco Catalyst 3850, zilizofungwa staki (zinafanya kazi pamoja kama swichi moja), na namba 3 haina taa hata moja. Najua wodi imerudi kubeba mafaili kwa mkono na wakubwa hawaachi kukupigia simu. Hata hivyo, nakuomba usiharakishe.

Hakikisha kwanza imekufa kweli. Kwenye 3850 pawa saplai inachomoka. Kama mojawapo ya zile nzima ina mbili, azima moja uijaribu kwenye namba 3. Ikikaa kimya, basi, badilisha.

Sasa nisikilize kwa makini. Swichi mpya usiiunge kwenye staki ikiwa inawaka. Ukifanya hivyo, staki inaona imekutana na staki nyingine, zote zinajiwasha upya zichague kiongozi (swichi moja inayoongoza zote), na mipangilio ya mshindi ndiyo inayotawala. Hiyo mliyoletewa, kama ilitumika kwingine na kipaumbele chake cha kuwa kiongozi kikaachwa 15, cha juu kabisa, inaweza kuwashinda wenyeji na mipangilio ya hospitali nzima ikaondoka. Hilo ndilo linaloniogopesha, si ile iliyokufa.

Kwa hiyo ianzie mezani, peke yake, kwa kebo ya konsoli, ile inayoiunga na kompyuta yako. Futa mipangilio ya zamani. Programu yake endeshi (IOS) na leseni zilingane kabisa na za wenzake. Kipaumbele kiwe 1, kisha andika «switch 1 renumber 3» (hiyo 1 iwe namba iliyo nayo sasa), iwashe upya, thibitisha namba imeshika, ndipo uizime. Hiyo namba ndiyo kila kitu: kiongozi bado ameshika mipangilio ya namba 3, na Gi3/0/17, yaani poti ya 17 ya swichi namba 3, itarudi kwenye VLAN yake (kundi lake la mtandao) bila wewe kuandika mstari hata mmoja. Ila modeli iwe ileile, poti 48 kwa poti 48.

Kabla ya kuchomoa chochote, nakili mipangilio ya staki nje, kisha bandika karatasi yenye namba kwenye kila kebo ya mbele. Usitegemee kumbukumbu, hata kama kabati hilo ulilifunga wewe. Moduli ya uplink (inayounga staki na mtandao mwingine) na SFP zake, vile vipande vinavyochomekwa kebo, hamishia kwenye mpya. Nyuma angalia vizuri, kebo za StackPower ni za kugawana umeme, si za data. Zile za data zirudi mbili, moja kwa kila jirani, ili mzunguko wa staki ufunge kama pete. Ikibaki wazi staki itafanya kazi, lakini kwa nusu ya uwezo, na ikikatika tena mahali pengine inagawanyika.

Kebo zikishakaa, washa, halafu usiiguse, inachukua muda. Angalia «show switch» mpaka namba 3 iseme Ready. Ikisema V-Mismatch, programu hazikulingana.

Ifanye usiku, wodi zikitulia. Nipigie ukiwa mbele ya kabati, kabla hujawasha. Simu nitaiweka karibu.

Wako daima