Nahodha akisema haondoki, mwacheni

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Umechapisha barua ya msomaji aliyeghadhibika kwa kuwa boti ya kutoka Unguja kuja Pemba iliahirishwa siku mbili mfululizo, harusi ya mpwa wake ikampita. Nampa pole. Ila pale alipomwita nahodha mwoga, naomba nafasi nimjibu. Mimi nimefanya kazi chini, chumba cha injini, miaka thelathini na moja, na mwoga niliyemkuta baharini ni yule anayewaogopa abiria.

Upo mji mmoja kaskazini ya Japani unaitwa Hakodate, kwenye kisiwa cha Hokkaido, upande wake wa kusini. Meli yetu iliingizwa chelezoni huko Disemba 1987. Nilikuwa oila, yaani mtia mafuta mitamboni, kijana wa miaka ishirini na nne, nimetoka Mkoani na masweta mawili tu. Asubuhi ya kwanza nilikuta kamba za gatini zimekauka kama boriti za mikandaa, ukiigonga inalia. Januari wastani wa joto pale huwa chini ya sifuri, na hata Agosti, ndio kiangazi chao, wastani wake ni nyuzi 22 hivi. Kwetu nyuzi 22 mtu anatafuta shuka.

Mzee wa Unguja akionyeshwa ramani ya mji ule ataufahamu mara moja. Mji Mkongwe zamani ulikuwa karibu kisiwa, huku bahari, huku hori ya Darajani, umeshikana na nchi kwa shingo nyembamba upande wa Mnazi Mmoja. Hakodate ndivyo ilivyo, isipokuwa kule mwisho wa shingo pana mlima wa mita 334 ambao wenyewe ulikuwa kisiwa. Mawimbi yalirundika mchanga miaka na miaka mpaka mlima ukaungana na nchi, na watu wakajenga juu ya mchanga ule. Ukiwa mlimani usiku unaziona taa za mji zimebanwa kiunoni, giza la bahari huku na giza la bahari huku.

Mlima unaikinga ghuba, na ghuba tulivu ndiyo iliyowavuta wageni. Komodoo Perry wa Marekani alifika 1854, na kwa mkataba wa mwaka huo Hakodate na Shimoda zikafunguliwa kwa meli za Marekani kupata maji, kuni na chakula. (Kwetu Wamarekani walikuwa wameshatia saini na Sayyid Said tangu 1833, kwa hiyo tusijione wa nyuma kwa kila jambo.) Mwaka 1859 ikawa bandari ya biashara pamoja na Yokohama na Nagasaki. Warusi wakaja na kanisa lao, wengine na makonsuli, na barabara za mteremko kutoka mlimani hadi gatini zikajaa nyumba za kigeni. Mimi niliziteremka kwa makalio mara mbili, kwa sababu ya barafu.

Lakini ile shingo ya mchanga haina kinga. Upepo unaingia huku ukatokea huku. Machi 21, 1934 moto ulizuka siku ya upepo mkali, nyumba zaidi ya elfu kumi na moja zikateketea na watu zaidi ya elfu mbili wakafa. Ndipo mji ukapanuliwa barabara na kupandwa miti katikati, ili moto siku nyingine ukose pa kurukia. Nilikuwa nikizishangaa barabara zile, pana kuliko mahitaji ya magari niliyoyaona.

Hata vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe viliamuliwa nusu na upepo. Mwaka 1868 Enomoto Takeaki, mmoja wa wakuu wa majeshi ya maji upande wa utawala ulioangushwa, alikimbilia huko na manowari zake, akaishika ngome ya Goryokaku yenye umbo la nyota ya ncha tano, na wenzake wakampigia kura awe kiongozi wao. Manowari yake kubwa, Kaiyo Maru, haikuzamishwa na adui. Ilivunjwa na dhoruba kwenye pwani ya Esashi mwaka huo huo. Bila meli ile hakufika mbali, na 1869 akajisalimisha. Cha ajabu serikali mpya ilimsamehe na baadaye ikampa uwaziri. Ngome niliiona, handaki lake la maji limeganda na watoto wanarusha mawe yateleze juu ya barafu.

Ndugu Mhariri, nimezunguka, lakini nataka kufika kwenye feri.

Mlango wa bahari wa Tsugaru unaitenga Hokkaido na kisiwa kikuu cha Honshu. Tangu 1908 feri za reli zilikuwa zikivuka kati ya Hakodate na Aomori. Mabehewa ya treni yalisukumwa ndani ya meli kwa upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, juu ya reli, kama unavyosukuma droo kabatini. Nilikuwa nikisimama na kikombe cha chai kuyatazama. Pale chelezoni alikuwepo mzee fundi wa kuchomelea, Kiingereza chake kibovu kama changu, na siku moja aliniona nikitazama. Akachora kwa chaki kwenye bamba la chuma: meli, tezi iko wazi, halafu mawimbi. Akaandika 1954.

Tarehe 26 Septemba mwaka huo kimbunga kilikuwa kinakuja. Feri ya Toya Maru ilikuwa iondoke saa nane na dakika arubaini mchana, nahodha akaahirisha. Hapo alifanya sawa. Jioni upepo ukatulia, mbingu zikafunguka, watu wakadhani jicho la kimbunga linapita na baada yake patakuwa shwari. Saa kumi na mbili unusu meli ikang'oa nanga. Haikufika hata nje ya ghuba sawasawa. Upepo ukarudi, wakatia nanga, nanga ikaburura. Mawimbi yakaingia kwa ile tezi isiyo na mlango, yakateremka hadi chini kwenye boila na injini. Mzee alipofika hapo alifuta injini kwa kidole gumba. Injini ikizimika, Ndugu Mhariri, meli ni sanduku tu. Ikasukumwa hadi karibu na ufuo wa Nanaehama ikapinduka, watu zaidi ya 1,100 wakafa ndani ya ghuba, taa za mji wanaziona. Usiku ule ule feri nyingine nne za mizigo zilizama. Nahodha naye hakurudi.

Baada ya hapo feri mpya zikawekwa mlango wa tezi, na fikra ya kuchimba njia chini ya bahari ikapata nguvu. Machi 13, 1988 ilifunguliwa, kilomita karibu 54, na siku hiyo hiyo feri zile za reli zikaacha safari. Nilizikuta zimebakisha miezi mitatu. Sisemi tuchimbe chini ya mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba.

Ninachosema ni kwamba nahodha wa Toya Maru alikataa mara moja akakubali mara ya pili. Hakuna anayejua nani alimwambia nini gatini kwa saa zile nne, lakini sisi tunajua tunavyowaambia wetu. Mwezi wa Saba mmoja, kusi imechachamaa, nilipanda boti nisiyoitaja. Nahodha alitaka kungoja. Abiria wakampigia makelele, mmoja akamuuliza kama leseni kaipata kwa karafuu. Tukaondoka. Tulipofika mkondo wa Nungwi magunia ya mbatata yalihama upande mmoja, na bibi aliyekaa ubavuni mwangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nilikuwa nasikiliza injini tu, namngojea mzee wa chaki. Na Nungwi hapo ndipo palipozama meli ya abiria Spice Islander usiku wa Septemba 10, 2011. Mtaani kwangu nyumba tatu bado hazijafunguliwa madirisha ya mbele.

Kwa wenye boti nina ombi dogo. Mkiahirisha, semeni mapema na semeni sababu. Wekeni ubao gatini, Malindi ya Unguja na Mkoani, uandikwe kasi ya upepo na urefu wa mawimbi wa siku ile, na mwenye tiketi abadilishiwe safari bila kuzungushwa dirisha hadi dirisha. Abiria wengi wanatukana kwa kuwa wameachwa juani na watoto, hawajui wanangoja nini.

Jumatano inshallah nakwenda Unguja kutibiwa macho. Mkoba nimeufunga. Kusi ikivuma nitakaa hapo gatini kidogo, nitakunywa kahawa, nirudi nyumbani nao.

Baharia mstaafu,
Mkoani, Pemba.