Mnadani, sita isisikike tisa

Mhariri,

Katika minada ya korosho huku Mtwara na Lindi, bei husomwa kwa spika kisha wakulima huulizwa kama wameridhia. Tunawaomba viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wapime mapema kama bei hiyo itasikika hadi nyuma. Inawezekana kulijua hilo kabla watu hawajaketi.

Tatizo linaanzia kwenye namba zenyewe. Irabu zina nguvu, huenda mbali. Herufi s na t ni dhaifu, ndizo humezwa kwanza na kelele. Zikishamezwa, "sita" na "tisa" zote hubaki "i-a", na "sitini" na "tisini" hubaki "i-i-i". Saba ina nafuu, hubaki "a-a". Basi aliyeketi nyuma akisomewa shilingi 3,600 anaweza kuamini ni 3,900, wala hatauliza, maana anajua amesikia.

Washeni jenereta kama siku ya mnada. Mtu asimame atakapoketi mkulima wa mwisho, akiwa na simu yenye programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Aandike kelele ilivyo, kisha msomaji asome kwenye maikrofoni, aandike tena. Kipimo kikipanda kwa desibeli 3 tu, sauti na kelele zimelingana, na hapo sita na tisa zinaweza kuchanganyika. Kikipanda kwa 15, karibu kila neno litafika. Simu hazisomi sawa, lakini simu ileile ikitumika mara zote mbili, tofauti hiyo inatosha.

Uwanjani, umbali ukiongezeka maradufu kelele hupungua desibeli 6. Jenereta likitolewa mita 5 kutoka kwa watu likapelekwa mita 20, zinapungua 12. Waya mrefu tu!

Ghalani hesabu hiyo haifai. Bati na kuta hurudisha sauti, silabi ya kwanza ikaifunika ya pili. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka. Ndiyo maana Houtgast na Steeneken wa Uholanzi, miaka ya 1970, walibuni STI, kipimo cha kueleweka kwa maneno, cha 0 hadi 1, kinachohesabu kelele na mwangwi kwa pamoja. Chini ya 0.3 ni vibaya, kuanzia 0.6 ni vizuri. Ghalani, basi, spika ndogo kadhaa karibu na watu ni bora kuliko moja kubwa. Zielekezwe vichwani, si kwenye bati, besi ipunguzwe. Msikilizaji akiwa mbali na spika moja kuliko nyingine kwa zaidi ya mita 17, maneno yatamfikia mara mbili.

Mwisho, someni namba 20 zilizochanganywa sita, saba na tisa. Watu watatu waliokaa nyuma waandike wanachosikia. Wakikosea hata mbili, hamisheni spika mrudie.

Siku yenyewe bei iandikwe pia ubaoni kwa tarakimu kubwa. Na mvua ikianza kupiga bati, msomaji asubiri.

Mafundi wa vipaza sauti,
Masasi, Mtwara