Kwa sista wa zamu ya usiku

Sista, jina lako sikuliuliza, na hilo ni kosa langu. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza, wodi ya wanaume, na kipimo cha presha cha kupampu kwa mkono kilikuwa kimenishinda. Nilikuwa naandika namba za kukisia. Ulijua. Hukunigombeza mbele ya wagonjwa. Ulinivuta pembeni ukanipa mkono wako mwenyewe niupime mara sita: mdundo wa kwanza ndiyo namba ya juu, ukipotea ndiyo ya chini.

Kisha yule mzee wa kiharusi. Mimi nilitaka kumvalisha harakaharaka tumalize. Ukasema, "Mdogo wangu, mkono mgonjwa unaingia kwanza kwenye shati, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Vifungo mwachie afunge mwenyewe, hata ikichukua robo saa." Ilichukua zaidi! Alipomaliza alitabasamu, nusu mdomo.

Sasa niko Moshi nasomea tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa aweze tena kujifanyia mwenyewe shughuli za kila siku, kazi ambayo ndugu zangu bado wanadhani ni masaji. Chanzo ni vile vifungo. Asante sana, sista. Na ile chai ya saa kumi usiku sijaisahau.