Tupewe chumba, mkopo hautufai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotusumbua sisi wakazi wa Ujiji, na bila shaka linawasumbua wengi wenye vikundi vya kusaidiana katika miji mingine. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mweka hazina wa kikundi cha huduma za jamii cha mtaani kwetu. Tunahudumia kaya zilizokwama, wazee, na watoto wa umri wa sekondari. Mfadhili hatuna. Kazi tunaifanyia katika chumba kimoja cha kupanga, na sasa mwenye nyumba anakitaka chumba chake afungue duka. Ni haki yake, na ametuvumilia sana kwenye kodi. Kinachoniumiza ni kwamba kila mlango tunaobisha kutafuta pa kuhamia tunapata jibu lile lile: jazeni fomu za mkopo.

Mkopo ni kitu chema. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na nawafahamu kinamama wa dagaa walioinuka kwayo. Lakini mkopo hurejeshwa, na mwenye kurejesha lazima awe na biashara. Sisi tunauza nini? Bibi wa miaka themanini tukimsindikiza kupima presha, marejesho yatatoka wapi? Tena hebu yaangalieni hayo mafungu. Mzee hana fungu lake. Mtoto wa miaka 15 naye hajafika umri wa kukopeshwa. Kwa hiyo wengi wa wanaoingia chumbani kwetu hawamo kabisa katika fomu tunayoambiwa tukaijaze.

Niieleze kazi yenyewe, maana anayetujibu hivyo naamini hajapata kuiona.

Wazee ndio wanaotushughulisha zaidi. Vijana wengi wa hapa wametawanyika, Dar es Salaam, Mwanza, wengine ng'ambo ya ziwa, na nyumbani wamebaki wazee na wajukuu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na mzee asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo. Haki hiyo ipo na tunaishukuru. Ila kutoka kwenye haki hadi kwenye dawa kuna mwendo. Kuna barua ya mtaa, kuna picha ndogo, kuna nauli ya bodaboda, kuna kupanga foleni, na kuna kuambiwa dawa hii leo haipo, rudi wiki ijayo. Mtu mwenye magoti mabovu, anayeishi na mjukuu wa darasa la tatu, atauweza wapi mwendo huo peke yake? Hapo ndipo tunapoingia sisi. Mwenzetu mmoja ni nesi mstaafu, ana mashine yake ya presha, na asubuhi za Jumanne wazee hukaa kwenye mkeka wetu wakisubiri zamu.

Siku moja bibi mmoja alifika presha iko juu vibaya, na dawa anazo. Nesi akamwomba azitoe. Akafungua fundo la kanga, vidonge vya aina mbili vimechanganyika humo humo pamoja na sarafu. Akasema, "Mwanangu, mimi nameza kichwa kikiniuma." Vifuko vya dawa alikwisha vitupa, na hata angevitunza visingemfaa, kwa sababu vimeandikwa 1x1 na 1x2 na bibi hajui kusoma. Palikuwa na kijana wa kidato cha pili amekuja kujisomea. Hakutumwa na mtu. Alichukua bahasha mbili, moja akachora jua kwa kalamu ya wino, ya pili akachora jua na mwezi, akazigawa dawa kama nesi alivyomwelekeza, kisha akakaa chini akamweleza bibi taratibu mpaka bibi akarudia mwenyewe bila kukosea. Tangu hapo bahasha za namna hiyo tunawatengenezea wazee wote, na wachoraji ni watoto wetu.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ofisi moja tuliyokwenda ilitushauri tujigawe: kikundi cha wazee kando, cha vijana kando, cha akina mama kando, ndipo itakuwa rahisi "kuwaingiza kwenye mfumo". Tukijigawa hivyo, kijana yule siku ile asingekuwepo.

Nitoe na mfano wa upande wa pili. Tuna binti aliyeacha shule kidato cha tatu kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, na ada haipo. Shule ilimpokea vizuri. Kikwazo kilikuwa mtoto, maana mama wa binti huyo huondoka alfajiri kwenda Kibirizi kuanika dagaa na nyumbani hakuna mtu mwingine. Bibi wawili wanaokuja kwetu walijitolea kumlea mchana, wakipokezana, humo humo chumbani kwetu. Binti yuko darasani. Bibi mmoja aliniambia kwamba tangu aanze kumbeba huyo mtoto hata usingizi wa usiku umerudi. Hakuna aliyelipwa senti, na sijui fungu gani la asilimia lingeweza kununua malezi yale.

Kuhusu kaya, anayeijua Kigoma anajua kwamba jikoni kwetu kunafuata mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na nyumba zinazotegemea mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hupumzika nayo, watake wasitake. Siku hizo ndizo watoto wanaenda shule bila kitu tumboni na wavulana wa miaka 13 au 14 wanaanza kutafuta vibarua badala ya kuingia darasani. Sisi tuna debe la unga na dumu la mawese vinavyotokana na michango ya wanachama. Giza likiwa zuri, anayepata huleta kopo moja la unga au nusu lita ya mawese. Mbalamwezi ikifika, tunagawa kwa kaya ambazo mjumbe na majirani wanazithibitisha. Ni kidogo, lakini kinavusha.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, debe hilo lilikauka. Sipingi kufungwa kwa ziwa. Samaki walikuwa wamepungua kweli, na nchi zote nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zina wajibu wa kulitunza. Nasema tu kwamba katika miezi ile mitatu, waliobisha hodi kwetu walikuwa wale wale waliokuwa wakituletea unga, na tulipata aibu ya kuwarudisha watu mikono mitupu. Wakati huo ndipo mabinti wengi wa hapa hupakiwa kwenye treni kwenda kufanya kazi za ndani mijini, wengine bado wadogo kabisa. Tuliketi na wazazi mmoja mmoja, tukiwaambia kuwa namba 116 ipo ya kuripoti mtoto anayeteswa, lakini bora mtoto asiondoke kwanza. Wengine walitusikia. Wengine hawakutusikia, na siwalaumu, kwa sababu maneno yetu hayakuwa na unga ndani yake.

Najua watasema TASAF, mfuko wa Serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, ipo. Ipo, na baadhi ya kaya zetu zimo humo. Ruzuku inasaidia kununua chakula na madaftari, lakini haimwelezi bibi kidonge cha asubuhi ni kipi, wala haimshiki mtoto mama yake akiwa kwenye hesabu. Watasema pia kwamba vikundi vya mfukoni vimezidi, vinavyoomba fedha kwa jina la wazee na yatima halafu vinaishia kwa mwenyekiti. Hilo ni kweli na linanikera kuliko linavyomkera ofisa yeyote, kwa sababu sisi wakweli ndio tunaopokelewa kwa jicho la wizi. Kwetu mapato na matumizi ya kila mwezi yanabandikwa mlangoni, kwa mwandiko wangu, hata kama ni elfu kumi na mbili. Mkaguzi yeyote aje, hata bila taarifa.

Sasa tunachoomba. Mtaani kwetu kuna chumba cha jengo la umma kinachokaa kimefungwa, ndani mna viti vilivyovunjika na mafaili ya zamani. Tunaomba tukitumie kwa maandishi, kwa masharti ambayo halmashauri itaona yanafaa. Kukisafisha na kukipaka rangi tutajitegemea, mafundi tunao. Tunaomba pia ofisa ustawi wa jamii aje kukaa nasi asubuhi moja kwa wiki, ili wazee wasifunge safari mbili kwa barua moja, na binti mwenye jambo zito apate mtu mwenye taaluma wa kumweleza, kwa sababu yapo mambo ambayo mwalimu mstaafu na nesi mstaafu hawapaswi kuyabeba peke yao. Na kwa waheshimiwa madiwani wetu, bajeti inapoandaliwa kabla ya Julai Mosi, tunaomba pawe na kifungu kidogo cha ruzuku kwa vikundi vinavyotoa huduma, chenye ukaguzi mkali, mbali na ile asilimia 10 ya mikopo. Wafanyabiashara waendelee kukopeshwa. Wanaohudumia wasiojiweza watazamwe kwa fungu lao.

Mwenye nyumba ametupa hadi mwisho wa Juni. Barua yetu ya kuomba chumba imeshapokelewa na kugongwa muhuri, nakala ninayo. Tunaomba jibu kabla tarehe hiyo haijafika, liwe ndiyo au hapana, ili tujue Jumanne zinazofuata wazee tuwaambie waende wapi.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma